Mangi Meli: Kichwa kinachotafutwa tangu mwaka 1900

Na Mwandishi Wetu, Kwakoa

MACHI 2, 1900, wanaume 19 walinyongwa mbele ya umati mkubwa huko Moshi ya Kale, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Miongoni mwao alikuwamo Mangi Meli, mtawala wa Moshi, aliyekuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Tangu siku hiyo ukoo wake haujapata kumzika kama mila inavyotaka, kwa kuwa unaamini kuwa kichwa chake kilikatwa na kusafirishwa kwenda Ujerumani.

Kwa wasomaji wa hapa Kwakoa, katika Wilaya ya Mwanga, na kwa Wapare wote kwa jumla, habari hii si ya mbali. Mtu aliyelelewa katika mila za Upare anaelewa kwa nini ukoo unaweza kukitafuta kichwa cha babu yake kwa zaidi ya miaka mia moja bila kuchoka. Katika milima hii, mafuvu ya wakuu wa koo yalitunzwa ndani ya vyungu kwenye misitu midogo ya matambiko, na wazao waliyaendea nyakati za ukame, maradhi na misukosuko ya ukoo. Wachagga nao walikuwa na desturi inayofanana na hiyo. Miaka kadhaa baada ya maziko, fuvu la marehemu lilifukuliwa na kuwekwa ndani ya kihamba, mahali palipopandwa masale, ili aendelee kuishi pamoja na watu wake.

Kwa hiyo, kuondoa kichwa cha mangi kulikuwa na maana nzito kuliko kuchukua mwili tu. Ukoo ulinyang'anywa mahali pa kusimama na kuzungumza na wazee wake.

Mtoto wa Rindi

Meli alizaliwa miaka ya 1860 katika nyumba ya Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni kutoka pwani na Ulaya walimfahamu zaidi kwa jina la Mandara. Rindi alikuwa mtawala hodari na mwenye hila nyingi za kisiasa. Eneo lake halikuwa kubwa, lakini alijua namna ya kuwatumia wageni waliopita kwake, wakiwamo wafanyabiashara wa pembe za ndovu, wamisionari wa Kiingereza na hatimaye Wajerumani, ili kujijengea jina kubwa kuliko majirani zake.

Ukweli unataka pia upande wa pili wa utawala huo usemwe. Katika karne ya 19, misafara kutoka Pangani ilipita chini ya Milima ya Upare kuelekea Taveta na Kilimanjaro ikitafuta pembe na watumwa. Mashujaa wa Rindi walishuka kuvamia Upare na Utaita, wakateka ng'ombe na watu, na baadhi ya mateka hao waliishia mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani. Ugweno, ambayo kwa muda mrefu wahunzi wake waliwapatia Wachagga chuma cha kutengenezea mikuki na majembe, ilipata kuonja makali ya mikuki hiyo hiyo.

Meli alikulia katika dunia hiyo ya ushujaa, biashara na uvamizi. Anayetaka kumwelewa hana budi kumtazama alivyokuwa, mtoto wa mtawala mwenye nguvu katika zama ambazo nguvu ndiyo iliyokuwa sheria.

Mwaka 1885 Rindi aliweka mkataba na Wajerumani, na mwaka 1889 wajumbe wake walifika hadi Berlin. Mwanzoni mwa mwaka 1891 alipata kile alichokuwa akikitamani kwa miaka mingi, pale majeshi ya Hermann von Wissmann yaliposhirikiana na watu wake kumpiga hasimu wake mkubwa, Mangi Sina wa Kibosho. Hata hivyo, hakuishi muda mrefu kufurahia ushindi huo. Alifariki dunia mwaka huo huo wa 1891, na Meli akarithi kiti akiwa bado kijana.

Urafiki unavunjika

Meli alirithi kiti cha baba yake lakini hakurithi bahati yake. Karl Peters, aliyeletwa kuwa kamishna wa serikali ya Ujerumani katika eneo la Kilimanjaro, aliondoa kituo cha Wajerumani Moshi na kukipeleka Marangu kwa Mangi Marealle. Kwa uamuzi huo, rafiki mkuu wa Wajerumani mlimani akawa Marealle, na Moshi ikabaki kutiliwa shaka.

Kilichotokea katika kituo hicho cha Marangu kilitoa picha ya aina ya utawala uliokuwa ukiingia. Kati ya mwishoni mwa mwaka 1891 na mwanzoni mwa mwaka 1892, Peters aliamuru mtumishi wake Mwafrika, Mabruk, anyongwe, kisha akamnyonga msichana wa Kichagga aliyeitwa Jagodja. Habari hizo zilipofika katika bunge la Ujerumani zilizua kashfa kubwa, na mwaka 1897 Peters aliondolewa katika utumishi wa serikali. Hata hivyo, hakupata kufungwa kwa mauaji hayo. Uhai wa Mwafrika ulikuwa umewekewa bei yake, na bei hiyo ilikuwa kazi ya ofisa mmoja tu.

Katika hali hiyo ya uhasama, ugomvi kati ya askari wa kituo na watu wa Moshi ulikua haraka. Juni 1892 Luteni Albrecht von Bülow aliongoza kikosi kwenda kumwadhibu Meli. Mashujaa wa Moshi waliwasubiri katika mabonde na migomba wanayoijua wao, wakawapiga vibaya. Von Bülow alipoteza maisha kutokana na mapigano hayo, pamoja na ofisa mwenzake Wolfrum, na kwa muda Wajerumani walilazimika kuondoka mlimani.

Kwa kijana aliyetawala kwa muda usiofikia mwaka mmoja, huo ulikuwa ushindi ambao habari zake zilienea mbali. Lakini ulikuwa pia ndio uliomtia hatiani. Wamisionari wa Kiingereza waliokuwa Moshi walishukiwa kuwa ndio waliomchochea na kumpatia silaha, wakalazimika kuondoka mwaka huo huo. Mwaka uliofuata nafasi yao mlimani ilichukuliwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig.

Agosti 12, 1893, Wajerumani walirudi. Safari hii waliongozwa na Kanali Friedrich von Schele mwenyewe, wakiwa na silaha kubwa na wakisaidiwa na watu wa Marealle. Meli na mashujaa wake walipigana kwa ukaidi, lakini ngome yao ilitekwa. Alisalimu amri, akatozwa pembe za ndovu, akatakiwa kutoa watu wa kufanya kazi. Kituo cha Wajerumani kilirudishwa Moshi, na boma likajengwa karibu na makao yake, kwa nguvu za watu wake mwenyewe.

Miaka saba ya kuishi chini ya boma

Kuanzia hapo Meli alibaki kuwa mangi, lakini mangi aliyetazamwa kila siku na wanajeshi kutoka dirishani. Mkuu wa kituo, Kapteni Kurt Johannes, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho mlimani kote.

Maisha ya mwananchi wa kawaida yalizidi kuwa magumu. Watu walitakiwa kujenga barabara na majengo ya serikali, na kuanzia mwaka 1898 kodi ya nyumba ilianza kutumika katika koloni zima. Wamangi ndio waliotwishwa jukumu la kuwatoa watu wao kwenda kazini. Aliyetimiza alichukiwa na watu wake, na aliyesita alionekana mwasi.

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, Meru. Johannes alilipiza kisasi kwa kuzivamia Meru na Arusha akisaidiwa na maelfu ya wapiganaji kutoka kwa wamangi wa Kilimanjaro. Vijiji vilichomwa na mifugo ikatekwa. Kwa namna hiyo utawala wa kigeni ulijifunza kuwapiga Waafrika kwa mikono ya Waafrika wenzao, somo ambalo haukulisahau.

Mwishoni mwa mwaka 1899 zilimfikia Johannes habari kwamba Meli na wamangi wengine walikuwa wakipanga njama na watu wa Arusha na Meru ili kuwashambulia Wajerumani. Simulizi za mlimani, na pia wanahistoria waliochunguza mambo ya Uchagga, zinamtaja Marealle wa Marangu kuwa ndiye chanzo cha habari hizo, naye alikuwa na sababu za kutaka mahasimu wake waondoke. Johannes aliamini, au aliona inafaa kuamini.

Watuhumiwa walikamatwa. Machi 2, 1900, walinyongwa. Pamoja na Meli walikuwamo Mangi Ngalami wa Siha, Mangi Molelia wa Kibosho, Mangi Lobulu wa Meru, mshauri wa karibu wa Meli anayekumbukwa kwa cheo chake cha Akida, na viongozi wengine wa Kilimanjaro, Meru na Arusha. Kwa siku moja tu, safu nzima ya uongozi wa eneo hili ilifagiliwa.

Simulizi za Moshi ya Kale zinasema kuwa Meli alichelewa kukata roho, akabaki akining'inia kwa saa nyingi huku watu wake wakilazimishwa kutazama. Mti unaoelezwa kuwa ndio alionyongewa bado unaonyeshwa kwa wageni, na hapo pamejengwa mnara wa kumbukumbu.

Baada ya mauaji hayo Wajerumani walimpa Marealle mamlaka makubwa upande wa mashariki wa mlima, na Shangali wa Machame upande wa magharibi. Ukubwa huo wa Marealle haukudumu. Miaka michache baadaye naye alitiliwa shaka na wakuu wapya wa boma, akakimbilia kwa Waingereza, na aliporudi hakuwa tena na nguvu alizokuwa nazo.

Mifupa inayopimwa

Wakati hayo yakitendeka huku, huko Berlin kulikuwa na watu waliohitaji mafuvu. Daktari na mwanaanthropolojia Felix von Luschan, wa jumba la makumbusho la mila za mataifa mjini humo, aliwaomba maofisa, madaktari na wasafiri waliokuwa katika makoloni wamtumie mifupa ya watu. Wanasayansi wa zama hizo walipima urefu, upana na ujazo wa mafuvu wakitafuta ushahidi wa kuwagawa wanadamu katika rangi na makundi, ya juu na ya chini.

Sayansi hiyo leo haina heshima yoyote. Lakini wakati ule ilikwenda bega kwa bega na utawala wa kikoloni. Boma lilitoa maiti, makumbusho yakatoa nadharia, na nadharia ikarudi kuwa uhalali wa boma. Makaburi yalifukuliwa, na viwanja vya kunyongea watu navyo vikawa mahali pa kukusanyia mifupa. Mtu aliyekuwa na jina, wake, watoto na cheo aliwekwa kwenye rafu akiwa na namba.

Meli hakuwa wa kwanza. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alipojiua mwaka 1898 ili asishikwe, kichwa chake nacho kilichukuliwa. Suala lake liliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ambao uliitaka Ujerumani ikirudishe. Hata hivyo, ilipita miaka 35 kabla ya Gavana Edward Twining kukikabidhi fuvu hilo kwa Wahehe huko Kalenga, mwaka 1954.

Meli hakuandikwa katika mkataba wowote. Aliyebaki kumtafuta ni ukoo wake.

Wajukuu wanauliza

Kwa miongo kadhaa, mjukuu wa Mangi Meli aliziandikia na kuzisihi mamlaka za hapa nchini na za Ujerumani, akiomba jambo moja tu, kwamba kichwa cha babu yake kitafutwe na kirudishwe. Kwa muda mrefu hakupata jibu la maana. Ombi lake lilianza kusikika zaidi pale Watanzania wanaoishi Ujerumani na wanaharakati wa huko walipolipokea na kulipeleka mbele ya makumbusho na vyombo vya habari. Machi 2019 maonesho kuhusu maisha na kifo cha Meli yalifunguliwa Moshi ya Kale.

Wakati huo huo, mkusanyiko wa mafuvu wa von Luschan ulikuwa umebadilisha mikono. Mwaka 2011 ulitoka katika hospitali ya Charité ya Berlin na kuwekwa chini ya Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia. Taasisi hiyo ilianza kuchunguza mafuvu yaliyotoka katika lililokuwa koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki. Watafiti walichunguza mafuvu 1,135. Kati yake, 904 yalitoka katika eneo ambalo leo ni Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya, huku asili ya mengine saba ikishindwa kufahamika kwa uhakika.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Mafuvu mengi yalikuwa na maandishi machache tu, jina la mahali au la kabila, na mengine hayakuwa na hata hayo. Machache yaliyokuwa na maelezo ya kutosha yalifanyiwa uchunguzi wa vinasaba, kisha vikalinganishwa na vinasaba vya wazao wanaoishi Tanzania, mjukuu wa Meli akiwa miongoni mwa waliojitolea kutoa sampuli.

Septemba 2023 majibu yalitangazwa. Mafuvu matatu yaliweza kuunganishwa na familia zilizo hai. Moja lilikuwa limeandikwa neno Akida, na vinasaba vyake vililingana kikamilifu na vya ndugu wa ukoo wa yule mshauri wa Meli. Mawili yalikaribia kulingana kabisa na ukoo wa Molelia wa Kibosho.

Fuvu la Meli halikuwamo katika yaliyotambuliwa.

Ni majibu ya aina yake. Ukoo uliopiga hodi kwa muda mrefu kuliko wengine uliondoka mikono mitupu, lakini hodi yake iliwafungulia mlango majirani. Bila madai ya Moshi ya Kale, pengine maandishi yale mafupi juu ya mfupa wa Akida yangeendelea kukaa gizani bila mtu wa kuuliza yalimhusu nani.

Deni lililobaki

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji, na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Aliahidi pia ushirikiano katika kutafuta mabaki ya mababu. Mwaka 2024 filamu inayozifuata familia za Songea Mbano na Mangi Lobulu katika utafutaji wao ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Berlin. Kabla ya hapo, Namibia ilikwisha kupokea mafuvu ya Waherero na Wanama kutoka Ujerumani mwaka 2011, 2014 na 2018, kwa hiyo haiwezi kusemwa kuwa njia ya kurudisha haijulikani.

Msamaha ni jambo jema, na vinasaba vimefanya kazi ambayo barua hazikuweza. Lakini ukoo wa Kichagga au wa Kipare hauzungumzi na babu yake kupitia hotuba wala jedwali la maabara. Unahitaji mahali palipopandwa masale, na kitu cha kuweka hapo.

Kuna na deni la kwetu wenyewe. Historia ya Meli haimwachi mtu yeyote akiwa msafi kabisa. Ndani yake wamo Wapare waliotekwa na mashujaa wa baba yake, ambao majina yao hayakuandikwa hata juu ya mfupa, na wamo majirani waliopeleka maneno bomani. Kuyasema hayo hakuwapunguzii hatia walioweka kamba. Kunatusaidia kuelewa jinsi wageni wachache walivyoweza kuitawala nchi kubwa, na kwa nini wazee wetu wengi wamelala mahali tusipopajua.

Katika nyumba nyingi za uwanda huu na za milimani bado wapo wazee wanaojua ni nani alichukuliwa, mwaka wa njaa ipi, na msafara ulipita upande gani. Mjukuu wa Meli alianza na maelezo ya namna hiyo hiyo, aliyoyapata kwa wakubwa wake nyumbani, kabla ya kuandika barua yake ya kwanza.